RATIBA NI AHADI: KUAHIRISHWA KWA MECHI NA KUPUNGUA KWA WATAZAMAJI KATIKA SOKA YA KENYA

Utangulizi

Makala hii inakusudia kueleza uhusiano uliopo baina ya mambo mawili ambayo wapenzi wa kandanda nchini Kenya huyalalamikia kila uchao, lakini ambayo ni nadra kuyaona yakijadiliwa kwa pamoja. La kwanza ni ratiba ya Ligi Kuu isiyotulia: mechi huahirishwa, huhamishiwa uwanja mwingine, au hubadilishwa siku ilhali shabiki amekwisha kufunga safari. La pili ni viti vitupu viwanjani. Aghalabu jambo hili la pili huelezwa kwa kuilaumu televisheni na mapenzi ya vijana kwa klabu za Uingereza. Hatukatai kwamba televisheni ina sehemu yake. Hata hivyo, hoja yetu ni kwamba ratiba ni ahadi baina ya klabu na shabiki, na ahadi inayovunjwa mara kwa mara humfundisha aliyeahidiwa kutafuta shughuli nyingine.

Tumechagua kulitazama suala hili kutoka Luanda Kotieno, ufuo ulioko Rarieda katika Kaunti ya Siaya, kwa sababu mbili. Kwanza, mashabiki wa Gor Mahia ni wengi huko, lakini kuiona timu yao kwa macho ni safari: ama kupitia Ndori na Kisian hadi Kisumu, ama usiku kucha hadi Nairobi. Pili, wakazi wa ufuo huo ni watu wanaoishi kwa ratiba. Feri ya kwenda Mbita ina saa zake, na uvuvi wa omena una usiku wake. Shabiki wa namna hii anajua thamani ya siku moja, kwa hivyo anaweza kutufundisha gharama ya siku iliyopotea.

Huenda msomaji akauliza: suala hili linahusu nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Jibu ni kwamba soka ya Kenya ilisikika kwa Kiswahili redioni kabla ya kuonekana kwenye televisheni za walio wengi. Watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwaka 2025, waliwafanya wasikilizaji waliokuwa mbali na Nairobi wauone mchezo kwa masikio. Msemo “Kadenge na mpira” ulivuka uwanja ukaingia katika mazungumzo ya kila siku. Lugha hiyo ilizaliwa mbele ya umati. Umati ukiondoka, sehemu ya lugha yetu nayo inakosa pa kuzaliwa.

Maneno yenyewe

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuyachunguze maneno matatu. Neno “ratiba” hutumiwa kwa mpangilio wa mambo yatakayofanyika kwa wakati maalumu. Ratiba ya ligi huonyesha nani atacheza na nani, wapi, lini na saa ngapi. Likikosekana moja kati ya hayo manne, kilichobaki ni orodha tu ya timu.

Neno la pili ni “kuahirisha”. Shina lake la Kiarabu ndilo lililotupa pia neno “akhera”, maana yote mawili yanahusu kinachokuja baadaye. Mashabiki waliozoea kusikia kwamba mechi imeahirishwa hadi tarehe itakayotangazwa hawatashangaa kujua kwamba maneno hayo ni ndugu.

La tatu ni “kiporo”, yaani chakula kilicholala. Katika lugha ya michezo, hasa nchini Tanzania, mechi ya kiporo ni ile ambayo timu ilipaswa kuwa imekwisha kuicheza lakini haikuicheza. Sitiari hii ina hekima. Kiporo huliwa, na wakati mwingine huwa kitamu, lakini hakuna anayealika wageni waje kula kiporo. Mechi iliyohamishwa kutoka Jumapili hadi Jumatano alasiri ina wachezaji walewale na pointi zilezile, ila wageni hawaji.

Ratiba ya ligi hutengenezwaje?

Watu wengi hudhani kwamba kupanga ratiba ni kazi ya kuandika majina kwenye karatasi. Kwa hakika ni kazi ngumu ya hesabu. Ligi yenye timu 18, ambapo kila timu hukutana na nyingine nyumbani na ugenini, huwa na raundi 34 na jumla ya mechi 306. Ligi yenye timu 16 huwa na raundi 30 na mechi 240. Kwa hivyo, Ligi Kuu ya Kenya ilipopanuliwa kutoka timu 16 hadi 18 mwaka 2017, idadi ya mechi iliongezeka kwa 66. Viwanja vinavyofaa havikuongezeka kwa kiasi hicho, wala majuma ya mwaka hayakuongezeka.

Mbinu ya kale ya kupanga ratiba ni ya mzunguko. Timu moja huwekwa mahali pake isiondoke, nazo nyingine huzungushwa hatua moja kila raundi, na kila timu hucheza na ile inayoelekeana nayo. Baada ya raundi 17, timu zote 18 huwa zimekutana. Ugumu huanza tunapotaka kila timu icheze nyumbani juma moja na ugenini juma linalofuata. Tuseme timu mbili zimeanza nyumbani na zote zinapokezana bila kukosa. Basi siku zote zitakuwa nyumbani pamoja au ugenini pamoja, na kwa sababu hiyo haziwezi kukutana kamwe. Ni timu mbili tu, moja iliyoanza nyumbani na moja iliyoanza ugenini, zinazoweza kupokezana kikamilifu. Zile 16 zilizobaki lazima zicheze mara mbili mfululizo nyumbani au ugenini angalau mara moja katika nusu ya msimu. Hapa hakuna hila ya msimamizi. Ni sheria ya hesabu.

Juu ya hesabu hiyo huongezwa mambo ya dunia: klabu kadhaa za Nairobi hutumia viwanja vilevile, viwanja hivyo hivyo hutakiwa kwa sherehe za kitaifa, mikutano ya siasa na ya dini, timu ya taifa ina tarehe zake, mashindano ya klabu ya Afrika yana zake, na mvua ya masika haiombi ruhusa. Ratiba inayoanza msimu bila nafasi ya akiba ni kama mtumbwi uliopakiwa hadi ukingoni: wimbi dogo tu latosha.

Jinsi mechi moja inavyozivuruga nyingine

Mechi iliyoahirishwa haiwezi kuwekwa mahali popote. Inahitaji siku ambayo timu zote mbili zina nafasi, uwanja uko wazi, waamuzi wanapatikana, na wachezaji wamepumzika. Siku ya namna hiyo aghalabu huwa katikati ya juma. Ikiwa timu moja inashiriki mashindano ya Afrika, siku zake hupungua zaidi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Gor Mahia. Mwaka 2018 ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika, na mwaka 2019 ikafika robo fainali na kutolewa na RS Berkane ya Morocco. Ilitwaa ubingwa wa ligi katika misimu yote miwili, lakini viporo vilijaa. Mafanikio ya uwanjani yakawa mzigo kwa ratiba.

Mwaka huohuo wa 2018 kalenda yenyewe ilibadilika. Hapo awali msimu wa Kenya ulianza Februari na kumalizika Novemba. Shirikisho la Soka la Afrika lilipohamisha mashindano yake yafuate mtindo wa Ulaya, Kenya nayo ilihama: msimu wa 2018 ulifupishwa, na ule wa 2018/19 ukaanza Desemba 2018. Mazoea ya miaka mingi yalivunjwa kwa mara moja. Shabiki aliyejua kwamba ligi huisha kabla ya Krismasi alilazimika kujifunza upya.

Kisha zikafuata pigo juu ya pigo. SportPesa, iliyokuwa mdhamini wa Gor Mahia na AFC Leopards, ilisimamisha shughuli zake nchini mwaka 2019 kwa sababu ya mzozo wa kodi na leseni. Mwaka huo SoNy Sugar ya Awendo, bingwa wa 2006, iliondolewa ligini baada ya kushindwa kufika katika mechi 3. Ligi ikabaki na timu 17, na idadi isipogawanyika kwa mbili, kila raundi lazima timu moja ikae bila kucheza. Machi 2020 janga la korona lilisimamisha kila kitu. Novemba 2021 serikali ililivunja shirikisho la soka. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi Novemba mwaka huo. Msimu wa 2022/23 ulianza wakati ambapo ungepaswa kuwa umefika mbali.

Viwanja navyo vina kisa chake. Mwaka 2017 Kenya ilinyang'anywa uenyeji wa fainali za CHAN 2018 kwa sababu ya kutokuwa tayari. Juni 2024 Harambee Stars ilicheza mechi zake za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia mjini Lilongwe, Malawi, kwa kuwa hapakuwa na uwanja ulioidhinishwa nchini. Ikiwa timu ya taifa ilikosa nyumba, klabu zilihangaika kiasi gani? Klabu inayocheza “nyumbani” leo Nairobi, kesho Machakos, keshokutwa Kisumu, haina nyumba ambayo shabiki anaweza kuizoea.

Kalenda ya ziwa na kalenda ya ligi

Turejee Luanda Kotieno. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwavuta samaki hao wadogo wakati wa giza. Mwezi ukipevuka na kuangaza ziwa lote, nguvu ya taa hupungua na wavuvi wengi hupumzika. Kwa hivyo, mvuvi wa omena ana majuma ya kazi na siku za mapumziko ambazo anazijua miezi mingi kabla. Fauka ya hayo, uvuvi wa omena hufungwa kati ya Aprili na Julai kila mwaka ili samaki wazaane. Wanawake wanaoanika na kuuza omena hufuata kalenda hiyohiyo, na wenye magari ya abiria pia.

Kalenda hii ni ratiba iliyo thabiti kuliko ya ligi yoyote. Mwezi haujawahi kuahirishwa. Mtu anayeishi kwa ratiba ya namna hii si mzembe wa kupanga. Anaweza kuiweka Jumapili ya mwezi mpevu kuwa siku ya Gor Mahia, akaweka nauli, akapatana na wenzake. Akifika Kisumu na kuambiwa kwamba mechi imesogezwa hadi Jumatano, hasara yake si ya nauli na chakula pekee. Jumatano hiyo huenda giza limerudi na mtumbwi unamngoja. Anapolazimika kuchagua kati ya kiporo na riziki, uamuzi wake hauonyeshi kwamba hapendi timu.

Jambo hili likitokea mara moja, shabiki hulalamika na kusamehe. Likitokea mara ya tatu, halalamiki tena. Hubaki nyumbani akasubiri matokeo kwa simu. Wasimamizi huuona ukimya huo wakadhani watu wameipoteza hamu ya mpira.

Je, si televisheni?

Hoja ya televisheni inastahili kujibiwa kwa haki. Mechi za ligi yetu aghalabu huanza saa tisa au saa kumi alasiri. Mechi ya kwanza ya Jumamosi huko Uingereza huanza saa sita na nusu mchana kwa saa za huko, ambayo kwetu ni saa tisa na nusu alasiri wakati wa majira yao ya baridi, na saa nane na nusu wakati wa kiangazi chao. Ni dhahiri kwamba saa hizo zinagongana. Shabiki wa ufuoni anaweza kuingia katika kibanda cha video karibu na nyumbani, akalipa fedha kidogo na kutazama mpira.

Lakini tukichunguza zaidi, tutaona kwamba kinachouzwa katika kibanda hicho ni picha nzuri pamoja na uhakika. Kijana wa Luanda Kotieno anajua Arsenal watacheza lini mwezi ujao, saa ngapi na dhidi ya nani. Hata mechi zao zinapohamishwa kwa ajili ya televisheni, mabadiliko hutangazwa mapema. Kwa maneno mengine, televisheni haikumnyakua shabiki aliyekuwa ameshikwa vizuri, ilimpokea aliyeachiliwa. Kuondoka kwa SuperSport mwaka 2017, baada ya mzozo wa upanuzi wa ligi, kunatilia nguvu hoja hii. Mechi zetu zilitoweka katika televisheni hiyo, lakini mashabiki hawakurejea viwanjani kwa wingi kana kwamba kizuizi kimeondolewa.

Sababu nyingine pia zisisahaulike, hasa usalama. Oktoba 2010 watu wasiopungua 7 walikufa katika mkanyagano uwanjani Nyayo, katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mzazi anayekumbuka siku hiyo hawezi kulaumiwa kwa kumzuia mwanawe.

Mfano kutoka Uingereza

Tatizo hili si la Waafrika pekee. Uingereza kuna mchezo uitwao spidiwei, ambao ulikita mizizi huko mwaka 1928. Waendeshaji wanne hushindana kwa pikipiki zisizo na breki, kwa mizunguko minne ya njia ya udongo. Nguvu ya mchezo huo ilikuwa katika siku maalumu: Ipswich walijulikana kwa Alhamisi, Poole kwa Jumatano, na Wolverhampton kwa Jumatatu hadi mbio zilipokoma katika uwanja wao mwaka 2023. Familia haikuhitaji kusoma gazeti. Ilijua kwamba Alhamisi ni siku ya pikipiki.

Baadaye waendeshaji bora wakawa wanashindana pia katika ligi za Poland na Sweden, ambako kuna malipo mazuri, na ligi hizo nazo zina siku zake. Ikabidi mbio za Uingereza zipangwe kwa kuzingatia siku ambazo waendeshaji wako nchini. Mvua ikinyesha na mbio zikaahirishwa, kupata siku nyingine inayowafaa wote huwa kazi ngumu. Watazamaji wamepungua kwa sababu nyingi, na viwanja kadhaa vimeuzwa ili kujengwa nyumba. Lakini kupotea kwa siku ya mazoea ni mojawapo ya malalamiko ya muda mrefu ya mashabiki wake. Funzo kwetu ni kwamba mtazamaji wa kila juma hujengwa na mazoea, na mazoea hujengwa na siku isiyobadilika.

Nani huumia?

Si klabu zote zinazoumia sawa mechi inapoahirishwa. Katika Ligi Kuu kuna klabu za jamii, kama Gor Mahia iliyoanzishwa mwaka 1968, AFC Leopards iliyoanzishwa mwaka 1964, na Shabana ya Kisii. Kuna pia klabu za taasisi na makampuni, kama vile Kenya Police, bingwa wa msimu wa 2024/25, KCB, Tusker na Bandari. Klabu ya taasisi hulipa mishahara kwa bajeti ya mwajiri. Uwanja ukiwa mtupu, mchezaji wake bado atalipwa mwisho wa mwezi. Klabu ya jamii hutegemea mlango. Mechi ya Jumapili ikigeuka kiporo cha Jumatano, fedha za mlangoni hupungua, mishahara huchelewa, wachezaji hugoma au kuondoka, na timu hudhoofika.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Klabu zenye mashabiki ndizo zinazopoteza zaidi, ilhali zile zisizo na mashabiki wengi hazina sababu kubwa ya kupigania ratiba thabiti. Hali hii ikiendelea, ligi inaweza kuwa na fedha za kutosha kuchezwa huku ikikosa sababu ya kutazamwa. Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 kwa kuishinda Espérance ya Tunisia kwa kanuni ya mabao ya ugenini, baada ya sare ya 2-2 Tunis na 1-1 Nairobi, ilibebwa na umati.

Ushahidi kwamba umati bado upo

Je, umati huo umekufa? Mwaka 2023 Shabana ilirejea Ligi Kuu baada ya kukaa nje kwa miaka 17, na mashabiki wa Kisii walijitokeza kwa maelfu. Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN 2024. Katika mechi za Harambee Stars huko Kasarani, watu walikuwa wengi kiasi kwamba shirikisho la Afrika lilipunguza idadi ya tiketi baada ya kutokea uvunjaji wa usalama.

Inafaa kukumbuka kwamba mashindano hayo nayo yaliahirishwa. Yalipaswa kuchezwa Februari 2025, yakasogezwa hadi Agosti. Kwa nini basi mashabiki hawakuyasusia? Kwa sababu tarehe mpya zilijulikana miezi kadhaa kabla, na zilipotangazwa zilishikwa. Hapa tunaona kwamba adui wa mahudhurio si kuahirisha kwenyewe. Adui ni taarifa inayokuja ikiwa imechelewa, na tarehe ambayo hakuna anayeiamini.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, tunapendekeza mambo manne. Mosi, ratiba ya msimu itengewe tarehe za akiba mwanzoni kabisa, hasa kwa klabu zinazoshiriki mashindano ya Afrika. Pili, iwekwe kanuni kwamba mechi isisogezwe ndani ya siku 14 kabla ya kuchezwa, isipokuwa kwa dharura ya kweli kama mafuriko au msiba wa kitaifa. Mwenye uwanja anayevunja kanuni hiyo alipe. Tatu, tiketi iliyonunuliwa kwa mechi iliyohamishwa iendelee kuwa halali au mnunuzi arudishiwe fedha bila kusumbuliwa. Nne, klabu zipange mechi za mikoani kwa kuzingatia maisha ya watu wa huko. Mjini Kisumu kuna uwanja wa Jomo Kenyatta huko Mamboleo, ambako sherehe za Madaraka zilifanyika mwaka 2021, na Homa Bay kuna Uwanja wa Raila Odinga uliotumiwa kwa sherehe kama hizo mwaka 2025. Mpangaji wa mechi katika viwanja hivyo hapotezi chochote akiitazama kalenda ya mwezi na siku za soko.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba ratiba ina mipaka ya kihesabu ambayo haiwezi kukwepwa, lakini pia ina uvurugaji mwingi unaoweza kuzuiwa. Tumeonyesha kwamba shabiki wa mbali ndiye anayeumia kwanza, na kwamba anapoacha kuja, klabu za jamii hufuata. Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni la ligi yetu kwa mashabiki limerundikana kwa miaka mingi, na wadai hawaendi mahakamani; wanakaa nyumbani. Anayetaka kuwarudisha hana budi kuanza kulipa kidogo kidogo, mechi moja baada ya nyingine, kwa kuicheza siku iliyotangazwa, mahali palipotangazwa, na saa iliyotangazwa.